Jinsi Bwana Bonaventura Alivyowashinda Watoto wa Darasa la Sita

"Mama Nikodemu, hivi huyu Bwana Bonaventura ameshinda nini huko shuleni kwenu, hata anakatiza mtaa na chupa ya chai iliyofungwa utepe shingoni kama bibi harusi?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Mama Mapendo, tukiwa tumeinama, yeye upande wake wa ua na mimi upande wangu, tunageuza dagaa juani. Yeye ni mtu wa msikitini, wanawe wanasoma kwingine, hakuwepo siku ile. Nikamwambia, jirani, hilo ni jambo kubwa, halijibiwi na mtu aliyeinama. Vuta kigoda.

Basi nanyi vuteni vigoda. Njooni, enyi wavuvi mliokunja nyavu zenu, nanyi wauza mawese mlioziba madebe yenu. Njooni wake kwa waume wa Bangwe na Buzebazeba, iacheni sufuria ichemke yenyewe! Nitawasimulia vita visivyomwaga damu ila jasho, visivyoteka mji wowote ila mtoto mmoja wa kike. Ee Mtakatifu Antoni, wewe unayetuokotea vilivyopotea, niokotee maneno makubwa, maana mimi ni wa darasa la saba tu, na shujaa wangu ni mnene wa sifa.

Ikawa mwaka huu, katika shule yetu ya masista iliyo juu ya kilima, amri ilitoka: mtoto mmoja, klabu moja. Kwa maana watoto walikuwa wakitangatanga kama Waisraeli jangwani, leo kwaya, kesho skauti, na siku ya kugawana mchicha wote ni wanachama wa bustani. Ndipo akapanda kilima Bonaventura mwana wa Adolf, simba wa Bangwe, bwana wa madebe ya mawese, mwenye kaunda suti ya kijivu na kalamu tatu mfukoni ambazo sijaona hata moja ikiandika. Huyo ndiye aliyegombea uenyekiti wa mtaa akaanguka, na kura ya mkewe mpaka leo haijulikani ilikwenda wapi.

Alipanda kwa ajili ya binti yake Devota, wa darasa la sita. Mtoto huyu ni mrefu kama mchikichi, na akisimama chini ya goli la netiboli na mpira mkononi, walinzi wa timu nyingine huanza kumwomba Mungu. Baba mtu akatangaza: mpira haumjengi mtu jina, linalojenga ni ulimi. Akalifuta jina la binti kwenye netiboli, akaliandika kwenye klabu ya mdahalo, akamfunga kifuani utepe wa bluu wa klabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Mjukuu wangu Regina, ambaye kazi yake uwanjani ni kumrushia Devota mpira, alirudi nyumbani hakula. Jumamosi walikuwa wapande boti kwenda Mwamgongo kucheza. "Bibi," aliniambia, "bila Devota tunakwenda kufungwa tu. Bora tubaki tufue."

Devota hakulia. Alikwenda kwa Sista Agnesi, mkuu wa shule, akamweleza kwa adabu. Naye Sista, mtu wa haki lakini mwenye kupenda amani kupita kiasi, akasema: basi Ijumaa wazazi waje ukumbini, mdahalo uamue. Hoja ni hii, Mzazi ndiye amchagulie mtoto klabu. Anayeunga mkono atasimama, anayepinga atakaa. Hoja ikipita, wazazi wamekwisha kuchagua. Ikianguka, kila mtoto achague upya jioni hiyo hiyo.

Sikilizeni sasa habari ya kengele, kwa maana ndani yake imelala siri ya ushindi. Kengele ya shule ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti, haiingii mlangoni. Kwa hiyo mtunza muda, kijana Christian, ambaye ni mtumishi wa altare, aliomba ruhusa akaleta kutoka kanisani ile kengele ndogo ya midomo mitatu, ile inayolia katika Misa Padre anapoinua Hostia. Watoto walielezwa mapema: ikilia, msemaji anyamaze. Sisi wazazi hatukuelezwa na mtu. Tulifika tumechelewa, wengine na harufu ya samaki, tukajipanga kwenye mabenchi ya nyuma.

Vita vikaanza. Mwenyekiti alikuwa Jonathan wa darasa la saba, mtoto mwembamba nyuma ya meza pana. Akamwita mwanafunzi Yona kutetea hoja. Yona akasimama, akameza mate, akasema, "Ndugu Mwenyekiti, mzazi... mzazi ni mzazi." Akakaa. Hakika lilikuwa jeshi dogo.

Kisha Devota akasimama kupinga. Hakupaza sauti.

"Ndugu Mwenyekiti, baba yangu amenichagulia jina, nalipenda. Amenichagulia shule, naipenda. Siku moja ataniambia mengine, na nitamsikiliza. Mpira tu ndio naomba nichague mwenyewe. Ni mpira, Mwenyekiti. Siyo ng'ombe za mahari."

Ukumbi ukaangua kicheko, makofi yakapigwa hata kwenye mabenchi yetu. Mzee Marselino, ambaye husinzia hata kwenye mazishi, alifungua jicho moja kuangalia ni nini. Nikawaza moyoni, mtoto ameshinda, kesho Regina atapanda boti akiimba.

Lakini nani aliinuka huko mbele? Nani alivuta suruali juu, akakohoa mara moja kama injini ya meli inayoondoka bandarini? Ni yeye! Bonaventura, ngao ya wazazi, kiboko wa wanafunzi! Hakusubiri aitwe. Aliingia uwanjani kama wimbi la mwezi wa nane liingiavyo kwenye mtumbwi wa mtu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti!" akanguruma, na Jonathan akateleza kidogo kwenye kiti. "Nasimama hapa nikiwa baba, nikiwa mfanyabiashara, nikiwa raia! Nani alimchagulia Isaka mke? Je, ni Isaka? Thubutu! Ni mzee Abrahamu, tena kwa kumtuma mtumishi! Na katika ziwa hili lote, niambieni, ni mgebuka gani aliyewahi kuchagua wavu?"

Dainess, mkewe, alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Nikamnong'oneza, "Mwenzio leo anaongea."

"Hapa anajizuia, mama," akasema. "Njoo usikie nyumbani, chumvi ikizidi."

Devota akanyoosha mkono. "Taarifa, Mwenyekiti."

Jonathan akatazama huku na huku. "Toa... toa taarifa."

"Napenda kumpa taarifa mzungumzaji kwamba Rebeka aliulizwa kwanza kama anataka kwenda. Tumefundishwa kwenye dini. Aliulizwa, akakubali mwenyewe."

Wallahi, angesema Mama Mapendo. Mimi nilifanya tu ishara ya msalaba. Mkuki ule uliingia penyewe. Lakini ngozi ya shujaa haipenyeki.

"Taarifa naikataa!" akapiga kifua hadi kalamu zikaruka. "Naikataa hapa, na nyumbani nitaikataa tena!"

Naye akaendelea. Akaupanda mlima wa maneno akashuka upande wa pili, akavuka mito ya methali bila daraja. Akataja uhuru, akataja mawese, akamtaja marehemu baba yake aliyemchagulia viatu mpaka akaoa. Jasho likamtiririka, macho akayafumba kwa utamu wa sauti yake mwenyewe. Christian akatazama saa. Muda ulikuwa umekwisha zamani. Ndipo akaishika ile kengele, na kwa kuwa mkono wake haujui kuitikisa kwa namna nyingine, akaitikisa kama ilivyo desturi yake: polepole, kwa uchaji, mara tatu.

Nanyi mnajua wenyewe. Goti la Mkatoliki haliulizi sababu. Tumeisikia kengele ile tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu, na mwili humjua bwana wake. Mabenchi yote ya nyuma tulishuka chini, puu! Mwenye kitenge kipya alishuka, mwenye mtoto alishuka na mtoto. Mzee Marselino alivua kofia akiwa bado usingizini. Mimi mjane mwenye goti bovu nilishuka, nikainamisha kichwa, na nilikuwa nimekwisha anza kunong'ona sala yangu niliposikia watoto wanacheka.

Kengele hiyo mtu mmoja tu ukumbini hakuisikia, kwa kuwa alikuwa anajisikiliza. Bonaventura alifumbua macho. Akaona nini? Ukumbi mzima wa wazazi wenzake umepiga magoti, vichwa chini, kimya. Akaweka mkono kifuani. "Jamani," akasema kwa sauti ya chini, "sikutegemea kiasi hiki."

Sista Agnesi alishika kichwa. "Wazazi! Wazazi jamani, siyo Misa hii! Inukeni, inukeni!"

Tukainuka, tukishikana mabega kwa aibu. Watoto nao, ambao wamefunzwa kwamba mkubwa akisimama mdogo hakai, wakasimama mstari kwa mstari.

"Wamesimama!" shujaa akapaza sauti, mikono juu. "Mwenyekiti, tazama! Wote wamesimama! Hoja imepita!"

Jonathan akatazama. Kweli tulikuwa tumesimama. Alikuwepo mmoja tu aliyekaa, mbele, na utepe wa bluu kifuani. Mwenyekiti akagonga meza kwa rula, kidogo sana. "Hoja... imepita."

Sista alifungua kinywa. Kisha akamtazama mtu yule ambaye mawese yake ndiyo yanayounga maharage ya watoto wa bweni, akakifunga. Na sisi? Nani angenyoosha mkono aseme, samahani, tulipiga magoti kwa kosa, tukasimama kwa kosa? Tulipangusa vumbi magotini kwa bidii kubwa.

"Mama Nikodemu," Dainess alininong'oneza, "mimi sikusimama kumuunga mkono."

"Najua, mwanangu. Lakini umesimama."

Na mimi pia nilikuwa wima.

Basi pigeni vigelegele, enyi vizazi! Na iandikwe juu ya jiwe katika bandari ya Kigoma, meli zote zipitazo zisome: siku hiyo mwanamume mwenye mvi alimshinda mtoto ambaye bado anabadilisha meno ya nyuma. Akapewa zawadi ya msemaji bora, chupa ya chai yenye maua mekundu, iliyonunuliwa kwa ajili ya mwanafunzi. Aliipokea kama mfalme apokeavyo funguo za mji. Akawashukuru wapiga kura. Akasema historia itaikumbuka Ijumaa hii, na kwamba mwakani huenda akagombea tena mtaa. Kisha, kwa kuwa ushindi haujakamilika mpaka aliyeshindwa aushukuru, akaiweka chupa mezani na kunyoosha kidole.

"Na sasa, binti yangu Devota atatoa neno la shukrani."

Huko nje, upande wa uwanja, mpira ulikuwa unadunda. Timu ilikuwa kwenye mazoezi ya mwisho.

Devota akainuka, akaja mezani. Akaufungua ule utepe wa bluu kifuani, taratibu, bila kuuchana. Akauzungusha shingoni mwa chupa ya chai, akafunga fundo zuri lenye masikio mawili. Kisha akaishika chupa kwa mikono miwili, akapiga goti moja kama binti aliyelelewa anavyompa kitu baba yake, akamkabidhi. Baba akapokea, akatabasamu. Alidhani ni pambo.

Devota akageuka. Akapita mbele ya Sista, akapita mbele ya Yona aliyekuwa anatazama sakafu, akapita katikati yetu tuliosimama. Mama yake alinyoosha mkono, ukagusa hewa. Mlangoni aliinama, akavua viatu, kwa maana netiboli kwetu huchezwa miguu mitupu, akavishika mkononi, akatoka, akaelekea kule mpira ulikokuwa unadunda.