Solo Aliyopewa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa kwaya ametunga kazi mpya: mateso ya Bwana, kwaya na waimbaji wanne wa solo. Muziki wa kisasa, sauti zinagongana makusudi. Solo ya teno, sauti ya juu ya wanaume, amepewa shemeji, kaka wa mke wangu, muuza miwani. Mimi mstari wa nyuma, chini ya feni mbovu. Sina kinyongo. Nimeanza kujifunza solo yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia shemeji mazoezi yamesogezwa hadi kesho. Nikawahi ukumbini, nikasafisha koo, nikangoja kuitwa. Shemeji akaingia na chupa ya chai ya tangawizi. Kumbe mke wangu alishampigia simu, akamwambia nikianza kumjali ghafla ajue kuna jambo. Shemeji akanimiminia kikombe, eti koo langu limekauka. Nimekunywa. Ilikuwa tamu, ndicho kilichoniudhi.

Jumamosi, 8 Machi
Mpango mpya: kuimba solo kwa nguvu kutoka nyuma, mwalimu anisikie. Amenisikia. Amesimamisha kwaya na kuuliza nani anaburuta kiti. Besi wote wakanigeukia. Kisha akaeleza upya: Bwana akishakufa, kuna kimya kirefu, mpaka yeye mwalimu ainue mkono, ndipo teno aingie. Alimzika mama yake mwaka jana. Kimya hicho ni cha mama.

Jumapili, 9 Machi
Kanisa limefurika. Kimya kikafika. Kikazidi. Shemeji kainamisha kichwa, nikajua kasahau. Nikaingia peke yangu: "Usiniache." Juu mno, sauti ikapasuka. Mkono wa mwalimu ulikuwa bado chini. Shemeji akageuka, akaimba nami, akanishusha polepole mpaka mahali pake. Kwaya ikafuata. Baadaye mjane mmoja akamshika mwalimu mkono, akasema sauti ile iliyopasuka ndiyo aliyolia nayo siku ya maziko ya mumewe. Mwalimu akatugeukia. Akauliza ilikuwaje. Shemeji akasema tulipanga wawili. Sikumshukuru. Watu walikuwa wengi.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu amenihamisha. Tukirudia Jumapili ijayo, nitakaa kando ya mpiga kinanda, nimfunulie kurasa, mdomo nimefumba. Mke wangu anasema hiyo ni adhabu. Hajui muziki. Pale kipaza sauti kiko karibu nami kuliko na shemeji.