Mtetemo wa Jipu la Mama Mkunga

Profesa alilisikia lile jipu kabla hajaliona. Alikuwa ameketi juu ya tairi mbele ya gereji yake, kikombe cha chai mkononi, mara mvumo mzito wa kusaga ukaja kutoka kwenye kona. Ulipanda kila dereva alipokanyaga mafuta na kushuka kila alipoachia. Fundi yeyote mwenye masikio angesema hizo ni krosi za propela, yale maungio ya mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma. Zimelegea, kazi ya nusu siku. Profesa naye alisema hivyohivyo, ila moyoni. Mdomoni mwake kulikuwa na maneno mengine kabisa.

Jipu likasimama. Lilikuwa kuukuu, lakini kuukuu la heshima: bodi nzima, rangi haijachubuka, mlango unafunga kwa mlio wa sefu ya benki. Yale majipu ya zamani yanayovuta kwa miguu yote minne, ambayo wenye mashamba huyatafuta kwa tochi mchana kweupe. Profesa akameza mate, kisha akameza chai ili mate yasionekane.

Akashuka Mama Mkunga, mkunga mstaafu, mkoba kifuani, miwani puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Profesa?"

"Watu ndio wanaoniita hivyo, mama. Mimi mwenyewe sijikwezi."

Akaingia ndani, akatoka na kile kilichompa jina: kipimo cha hospitali cha kusikilizia moyo. Akakivaa, akalala chini ya jipu, akakibandika kwenye giaboksi kwa adabu kubwa. Injini ilikuwa imezimwa, lakini jambo hilo halikumsumbua.

Mama Mkunga akainama. "Mwanangu, umekivaa kinyume. Hivyo vya masikioni huelekea mbele."

"Kwa binadamu, mama. Kwa magari ni hivi."

"Ahaa," alisema mama. "Kuzeeka ni kujifunza."

Profesa akatambaa kutoka uvunguni. "Likitetemeka, kinachotetemeka ni usukani au kiti?"

"Kiti. Kuanzia mwendo wa sitini. Usukani umetulia tuli."

Hilo lilikuwa jibu zuri kuliko yote. Usukani ukitulia na kiti kikicheza, ugonjwa uko nyuma, na nyuma hakuna cha kumtisha fundi. Profesa akavua kofia kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Mama, umekuja peke yako? Ungekuja na ndugu, mtu wa kukushika mkono."

"Sema tu. Mimi nimewapa watu habari nzito miaka thelathini."

"Giaboksi imeoza. Difu ya magurudumu ya nyuma imeoza. Na ile propela siku yoyote itachomoka, ichome lami kama mkuki, na gari liruke juu yake. Kulitengeneza ni kununua jipu jingine. Sikutozi hata senti ya kupima, maana siwezi kumla mama yangu."

Mama Mkunga akatoa leso. "Fundi, lakini hili gari lina historia yake. Marehemu mume wangu aliwahi..."

"Mama, usijitoneshe kidonda," Profesa alimkatiza kwa upole. "Mambo ya kitaalamu niachie mimi. Kesho nitakuletea mtu wa chuma chakavu. Ni mkali, lakini nitakutetea."

Mtu wa chuma chakavu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa pikipiki ambaye hakuwahi kuuza hata msumari. Jioni ile Profesa alimkalisha sebuleni na kumpangia uchumi.

"Shemeji, tunalinunua kwa bei ya chuma, nabadilisha krosi mbili, tunaliuza kwa bei ya jipu."

"Na hela ya kununulia?"

"Mimi nauza kompresa yangu ya kujazia upepo. Wewe unauza pikipiki."

"Pikipiki ndiyo mdomo wangu, shemeji!"

"Wiki moja tu. Wiki ya pili utaendeshwa."

Kesho yake Profesa alimfikisha shemeji nyumbani kwa Mama Mkunga na futi ya kupimia, naye akalipima jipu urefu na upana kama fundi cherehani. Akataja bei. Mama akalia kidogo. Bei ikapanda. Mama akakumbuka jinsi marehemu alivyokuwa akiliosha kila Jumamosi, akalia tena, na bei ikapanda tena. Ilipofika mara ya tatu shemeji mwenyewe alikuwa na machozi, kwa kuwa fedha iliyokuwa ikipanda ni ya pikipiki yake. Hata hivyo ilikuwa bado chini sana ya thamani ya jipu zima, na Profesa akamkanyaga mguu kwa siri: maliza.

Ila Profesa alikuwa na hofu moja tu, kwamba mama angegutuka na kulidai gari lake. Akaomba karatasi, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: gari limeuzwa kama lilivyo, mnunuzi amelikagua na kuridhika, hakuna kurudishiana kwa sababu yoyote ile.

Mama akaisoma mara mbili. "Umeandika vizuri sana, mwanangu. Hata wakili asingefunga hivi." Akatia sahihi upesi mno kwa mtu aliyekuwa analia.

Asubuhi iliyofuata Profesa alivaa bwelasuti, vazi la kazi lililokuwa limekaa msumarini tangu mwaka juzi, akafanya kazi ya kweli. Akafungua propela. Krosi zilikuwa zimekwisha, kama alivyojua. Akaweka mpya, akapaka grisi, wakaingia barabarani na shemeji wakiimba. Hamsini, kimya. Hamsini na tano, kimya. Sitini, na kiti kikaanza kumtikisa shemeji mashavu.

"Shemeji, bado."

"Ni matairi hayo. Yamekaa vibaya."

Wakayapeleka matairi yakasawazishwa. Sitini, mashavu. Profesa akafikiri labda alirudisha propela bila kulinganisha alama zake, akaifungua tena, akailinganisha, akaifunga. Sitini, mashavu. Akabadilisha bering. Akabadilisha raba za kubebea giaboksi. Siku ya nne akafanya ujanja wanaoujua mafundi wa haya magari: akang'oa propela ya nyuma, akaliweka jipu kwenye gia ya miguu yote, akaliendesha kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele tu. Jipu likateleza kama mtu kwenye sabuni. Themanini, na kiti kimetulia.

"Nimemkamata!" Profesa alipiga kelele, akampiga shemeji begani. "Ni propela yenyewe, imepinda!"

Ajabu ni kwamba alikuwa na furaha ambayo haikuhusiana na fedha. Alikuwa amesahau utamu wa kumbana ugonjwa kwenye kona. Wakakopa, wakanunua propela nyingine, wakaifunga. Siku mbili jipu lilikwenda kama maji. Siku ya tatu mvumo ukarudi, na Profesa alipolala uvunguni akakuta krosi mpya zimetafunwa kana kwamba zina mwaka.

Shemeji, ambaye sasa alikuwa anatembea kwa miguu kila mahali, alikaa juu ya jiwe akavua kiatu. "Shemeji, dada yangu ameshaanza kuniuliza pikipiki iko wapi. Leo tunakwenda kwa Taratibu."

Taratibu alikuwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Jina lake lilitokana na kasi yake. Hakusema uongo, na kwa sababu hiyo Profesa hakuwahi kumwona kama mfanyabiashara. Lakini siku ile alivuka barabara, kipimo cha moyo amekiacha nyumbani.

Taratibu hakufungua boneti. Hakuomba hata ufunguo. Alichukua kamba, akapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, upande wa kushoto. Akapima upande wa kulia. Kamba ikazidi kwa vidole vitatu. Kisha akaingia uvunguni na bisibisi, akakwangua rangi kwenye chesisi, fremu inayobeba gari zima, na chini ya rangi likatokea kovu la kuchomelea, refu kama mkono.

"Liliangukia korongoni," alisema. "Marehemu alilikata na kuliunga. Ekseli ya nyuma imekaa kombo, kwa hiyo propela inazunguka imejipinda. Weka krosi za dhahabu, zitatafunwa."

Profesa alikumbuka historia aliyomkatiza mama asiisimulie, na masikio yakamwaka moto. "Umejuaje haraka hivi?"

"Sijajua leo. Mama aliniletea mara tatu. Mara zote nilimwambia ukweli, na kila mnunuzi aliyeniuliza nilimwambia ukweli, wote wakakimbia."

"Na mara ya tatu?"

Taratibu akafuta mikono polepole, kidole baada ya kidole. "Mara ya tatu alikuwa amechoka. Akasema, 'Basi, fundi, nionyeshe yule anayewaibia watu magari.' Nikamwambia avuke barabara."

Aliyeanza kucheka ni shemeji, kicheko cha mtu asiye na pikipiki, mpaka akashika nguzo. Profesa alivumilia, alivumilia, kisha naye akacheka, ingawa chake kilikuwa na maumivu ndani.

Ilibidi wauze jipu vipande vipande. Injini ilikuwa nzima, difu nzima, giaboksi kama mpya. Lakini mtaa mzima ulikuwa umesikia kwa Mama Mkunga kwamba Profesa, mtaalamu, alipima kwa chombo cha hospitali akasema vyote vimeoza.

"Nilikosea kupima," alimwambia mteja wa kwanza.

"Basi huenda na leo unakosea," mteja akajibu, akaondoka.

Walikuja wengine wanne, wakaondoka vilevile. Mwisho Profesa alivuka barabara mara ya pili na kukubali masharti: kila kipande kilichouzwa, Taratibu alikuja, akakitazama kwa muda wake wote, akasema, "Kizima," na kwa neno hilo moja akachukua robo ya bei. Pikipiki ilirudi. Kompresa haikurudi. Profesa, aliyeweza kuongea kutwa nzima bila kunywa maji, alisimama pembeni siku zote hizo mdomo wazi, akijifunza jinsi neno moja linavyouzwa ghali.