Nilipewa Kaa, Nikamshukuru Aliyenipa

Leo nimejivunjia heshima kanisani, tena kwa kipaza sauti.

Wengi mnajua kwetu ni Mikindani, pwani kabisa. Niliolewa huku Newala, nikapata kazi ya ualimu, basi nikawa mtu wa Mkunya, kijiji cha huku juu mlimani. Watu wa huku wema, sina neno. Lakini kaa hakuna! Maji yenyewe ya kunywa tunayafuata kwa ndoo, bahari tutaitoa wapi? Nikimtajia mume wangu supu ya kaa, anakunja uso. "Yule mdudu anayetembea upandeupande? Mama Neema, kula kisamvu."

Sasa leo tumepata wageni. Mama Heleni, Mwingereza aliyenifundisha chuo cha ualimu kule Mtwara, amekuja na mumewe kutusalimia. Padri akaniomba nitoe shukrani kwa Kiingereza, maana mimi ndiye ninayefundisha Kiingereza shuleni. (Ndiyo, mimi. Subirini.)

Nilipomwona, moyo ulinipasuka. Nilikuwa chuoni mama yangu alipofariki. Nilirudi kutoka msibani nikawa sili. Chakula kikija, nakiangalia tu. Mama Heleni akaenda ufukweni mwenyewe, akanunua kaa, akawapika kwa nazi kama alivyokuwa akipika mama. Nilikula huku nalia. Ndiyo habari niliyotaka kuisimulia.

Nikasimama mbele. Nikasema, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba mama huyu aliwahi kunipa kaa. Kaa wengi: "crabs".

Mama Heleni akaacha kujipepea. Mumewe akainama, mabega yanamtetemeka. Nikajua analia. Wameguswa! Nikapandisha sauti. Nikasema tangu siku ile sijawasahau. Nikasema huku Newala hakuna wa kunipa tena. Nikasema mume wangu hajui ninavyowatamani!

Baba Neema, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, akasimama kupiga makofi. Kanisa zima likamfuata. Vigelegele!

Tulipokaa kunywa chai, Mama Heleni akanivuta pembeni. Kiswahili chake bado kizuri.

"Mwanangu, ukisema umekula 'crab', sawa. Lakini ukisema mtu amekupa 'crabs'..." Akaninong'oneza.

Chawa! Chawa wa mahali pasipotajwa kanisani! Wale wanaoambukizana watu kitandani!

"Yaani nimewaambia watu umeniambukiza chawa?"

"Na kwamba unawatamani," akasema.

Chai ikanitokea puani. (Na leo nimevaa gauni jeupe; la kitenge nililiacha nyumbani.) Tukacheka mpaka tukashikana. Halafu akasema polepole, "Ile sufuria ya kaa naikumbuka. Siku ile uliniita mama." Basi nikashindwa. Nikalia, mtu mzima na kikombe mkononi.

Baba Neema akaja mbio. "Wamekuudhi?"

Nikamweleza yote. Chawa, chuo, msiba, ile sufuria. Miaka yote hii ya ndoa nilikuwa namtajia supu tu, sikuwahi kumwambia ninayemkumbuka nikiitaja. Akakichukua kile kikombe mkononi mwangu, akakiweka mezani. Nikajua sasa ananionea aibu.

"Hivi yule mdudu," akasema, "anapikwaje?"

Nikamwambia. Ndimu, pilipili, tui zito linaingia mwishoni. Akasikiliza kama anayeelekezwa njia ya kufika mahali.

"Msimu wa korosho ukiisha tushuke Mikindani," akasema. "Tukazuru kaburi la mama. Hao kaa utakula wewe, mimi nitachovya mchuzi."

Vijana wa kwaya wamenirekodi video, na kwenye simu za watu naona tayari nimeshafika Kitangari. Ikiwafikia, nawasihi msicheke. Na kama kuna anayepanda huku kutoka Mtwara kesho, aniletee kaa. Ila tafadhali, asimwambie mtu kwa Kiingereza.