Bangili za Sihaba na Kampuni Kubwa

Alhamisi, 2 Februari 1967
Kwa miaka tisa nimemficha mke wangu jambo: kampuni nilimotia bangili zake sikuwahi kuhakikisha kama ni kubwa. Mwaka 1958 Sihaba alivua bangili zote mbili za dhahabu. Akasema niziuze, ninunue hisa za kampuni kubwa, isiyokufa kabla yake, apate cha kula nikitangulia mimi. Nikanunua kwenye kampuni ya kamba na magunia, Dar es Salaam. Nikarudi nikajigamba: hakuna kubwa kuliko hii! Sasa daktari anasema moyo wangu umechoka. Nitamwambia leo.

Sikumwambia. Alikuja Sadallah, kaka yake, na mkate wa kumimina.

Ijumaa, 3 Februari
Sadallah tena. Nikamtania kama kawaida. Hisa yangu moja shilingi hamsini. Yake, ya kampuni ya unga, shilingi mbili. Hakukasirika. Akasema, “Shemeji, ukubwa wa kampuni hausomwi kwenye hisa moja.” Chukua bei ya hisa moja, zidisha kwa hisa zote zilizotolewa. Kwa thamani hiyo ndipo kampuni hupangwa: kubwa, za kati, ndogo. Yangu ina hisa elfu nne. Yake milioni kumi.

Nilikuwa karani wa forodha. Hesabu naijua. Laki mbili kwa milioni ishirini! Aibu.

Sihaba, anaparua samaki, akasema kumbe ni kama sokoni: nguru mmoja ana bei, lakini mwenye shehena ya dagaa ndiye tajiri. Akauliza yetu ni nguru au dagaa. Nikakohoa mpaka akaniletea maji.

Jumamosi, 4 Februari
Mpango! Sina haja ya kuungama. Nibadilishane hisa na Sadallah kwa thamani ileile. Sihaba atapata kampuni kubwa kweli, nami nitakufa mkweli. Nikamwambia Sadallah kwamba mtu wa heshima yake hafai kuonekana na hisa za shilingi mbili. Akanitazama sana. Akauliza kama naumwa. Nikasema mno. Akakubali, nadhani kwa huruma. Fomu tumetia sahihi. Atazipeleka Dar akipata nafasi. Chakula cha usiku nimekula vizuri kuliko mwezi mzima.

Ijumaa, 10 Februari
Msiba! Jumapili tulisikia Azimio la Arusha. Wiki nzima serikali inachukua makampuni makubwa. Leo redio imeitaja ya unga. Ya kamba wala! Hakuna aliyeikumbuka.

Sadallah akaja anahema, fomu zimo mfukoni mwa kanzu. Hajazipeleka! Akasema, “Tuzichane, shemeji. Fidia itakuja, lakini lini? Dada yangu atakula redio?”

Nilinyoosha mkono nizipokee. Kisha nikafikiri. Miaka tisa nasema kubwa, kubwa, bila ushahidi. Leo serikali nzima imenithibitishia, tena hewani! Nikarudisha mkono. Nikamwambia kubwa ni kubwa, azipeleke. Akasema ukaidi huu nitazikwa nao. Sihaba alikuwa mlangoni. Amesikia yote.

Jumamosi, 11 Februari
Sadallah ameondoka na fomu kwenda Dar, kwa basi la alfajiri. Nilimwita dirishani nikamwagiza jambo moja: aitazame ofisi itakayolipa fidia, aniambie mlango wake ukoje.

Sihaba akaketi ukingoni mwa kitanda. Akauliza mlango wa nini.

Basi nikaungama. Mwaka 1958 sikupiga hesabu yoyote. Ofisi zilikuwa mbili, mtaa mmoja. Ya unga ilikuwa na mlango wa bati. Ya kamba ilikuwa na mlango wa mninga, mabamba mawili, nakshi mpaka juu, njumu za shaba. Hapa Bagamoyo nyumba ya mtu huijui kwa mlango? Nikaingia, nikalipa.

Hakupiga kelele. Alishika kifundo cha mkono wake, pale zilipokuwa bangili. Kisha akauliza, “Na mimi, Alawi? Ulikuja kuposa kwetu kwa sababu yangu, au kwa mlango wa baba?”

Nimeapa kutosema uongo tena kabla ya kufa. Nikamwambia ulikuwa mlango mzuri sana.