Mabawa Sita ya Rotor

Jumatatu, tarehe 13 mwezi wa nne. Butembo.

Naanza kuandika leo, ili watakaokuja wajue kazi hii ilifanywa na nani.

Mke wangu Kavuo anatengeneza karatasi nene za kadi nyuma ya nyumba. Anachemsha vipande vya mikaratusi na soude, magadi makali ya kutengenezea sabuni, mpaka miti inakuwa uji. Uji unapitishwa kwenye tamis, pipa la chuma lenye matundu madogo. Nyuzi safi zinapita, vibanzi vinabaki. Ndani ya tamis inazunguka rotor, mhimili wenye mabawa mawili. Mawili tu. Aliyeiunda ni shemeji yangu Ézéchiel, kaka yake Kavuo, soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma. Hakuna Jumapili tuliyokula naye bila kutukumbusha.

Ma Sœur Mariette, mtawa wa Beni, ameagiza kadi mia tatu za komunyo ya kwanza. Atazichukua Jumamosi ya wiki ijayo. Zikimpendeza, paroisse nyingine tano, parokia za jirani, zitaagiza kwetu. Lakini uji unapita polepole. Nimefanya hesabu. Mabawa mawili, polepole. Mabawa sita, haraka mara tatu. Nashangaa hakuna aliyeliona hili.

Nimemweleza Kavuo. Amesema nibaki na moulin za watu, mashine za kusagia mihogo, kazi niliyosomea.

"Ile tamis, papa njo alitoboaka matundu yake yote na mukono," amesema. "Hapana gusa."

Sikugusa. Nimepima tu.

Jumanne, tarehe 14.

Kavuo ameenda Kipese kutafuta miti. Nimetumia nafasi.

Mabawa sita nimeyakata kwenye bomba la zamani, kila moja nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, kama yale ya Ézéchiel. Ila yeye ameweka upande mnene mbele. Kosa la wazi. Nani anakata nyama kwa mgongo wa kisu? Yangu yanatangulia kwa upande mwembamba.

Nimewasha. Kwa dakika tano, furaha. Dakika ya sita matundu yote yakaziba, uji ukapanda, ukamwagika, ukashuka mpaka kwenye maharagi ya jirani yetu Mama Bénite. Nimemwambia ni mbolea ya kisasa. Ameuliza kwa nini kuku wake amenata.

Nimezibua matundu kwa ufito wa ufagio mpaka Kavuo alipofika. Ameuliza imekuwaje tamis inang'aa hivi. Nimesema ni mapendo.

Jumatano, tarehe 15.

Nimegundua shida ya jana. Mwendo. Nimefunga kwenye mota poulie kubwa ya moulin, lile gurudumu la mkanda, ili rotor izunguke haraka zaidi. Uji umepita kama mto Semuliki wakati wa mvua. Nimemwita Kavuo aje kuona.

Ameona mabawa sita. Amechota uji, ametengeneza karatasi moja, ameikausha kwa pasi, ameinua juani. Ilikuwa na madoa kila mahali, kama uso wa mtoto mwenye surua. Mabawa yangu yalikuwa yamekatakata vibanzi, vikawa vidogo vya kutosha kupita.

"Baba Hulda," amesema polepole, "tamis ni ya kuzuia, hapana ya kupitisha tu."

Ameomba nirudishe rotor ya kaka yake. Nimesema kesho asubuhi. Nilisema kweli, nadhani.

Alhamisi, tarehe 16.

Kabla ya kuitoa, jaribio moja la mwisho. Nilisogeza mabawa karibu na ukuta wa tamis, yafagie vizuri. Mhimili ukatikisika. Bawa moja likagusa.

Tamis imepasuka, tundu la ukubwa wa kiganja.

Kavuo ametoka ndani na mikono yenye unga. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Ameketi, ameweka tamis kwenye magoti, amepitisha kidole kwenye mistari ya matundu, mmoja baada ya mwingine. Mzee Stanislas, baba yake, alitumia miezi minne kuyatoboa, akiwa tayari mgonjwa wa kifua. Tulimzika mwaka uliofuata.

Fufu ililetwa. Sikuweza kula.

Ijumaa, tarehe 17.

Nimekwenda kwa Ézéchiel. Njiani nilitayarisha maelezo kuhusu kupanda na kushuka kwa courant ya umeme. Nilipofika mlangoni maelezo yakapotea. Nimesema tu kwamba nimeharibu tamis ya mzee.

Amezima poste, mashine yake ya kuchomea. Nilingoja acheke. Hakucheka. Ameuliza dada yake yuko namna gani.

Kisha amechukua bawa moja, amelizungusha ndani ya ndoo ya maji, upande mnene mbele. Nyuma ya bawa maji yalivutwa kidogo.

"Bawa haisukume," amesema. "Inavuta nyuma, tundu inapumua, kibanzi inatoka. Ukitia sita, moja inaharibu kazi ya ingine."

Miaka saba sijawahi kumuuliza. Yeye pia hakuwahi kueleza, maana alingoja niulize.

Jumatatu, tarehe 20.

Tangu Jumamosi mimi na Ézéchiel tunatoboa kiraka cha tamis. Yeye amekata bati na kuchomelea, matundu ni yangu, na drili ya mkono. Mia nne na kumi na mawili. Ngozi ya kidole gumba imetoka. Mistari imepinda.

Kavuo amekuja na chai. Ameangalia kiraka, kisha amesema mistari ya papa pia ilipinda, ya mwanzo, kabla mkono haujazoea. Amenifunga kidole na kitambaa chake cha kichwa, kile cha Noeli.

Rotor ya mabawa mawili imerudi. Uji unapita polepole. Unapita safi.

Jumamosi, tarehe 25.

Ma Sœur Mariette amefika. Amepitisha mkono juu ya kadi, amenusa moja, amesema hata kule Beni mjini hajaona nyeupe na laini namna hii. Ameuliza fundi wa mashine ni nani. Ézéchiel amefungua mdomo. Kavuo amejibu kwanza, akasema ni familia.

Nimetazama chini kwa sababu ya vumbi.

Jumatatu, tarehe 27.

Kavuo amesafiri na Ma Sœur kuonyesha kadi kwenye zile paroisse tano. Atarudi Alhamisi. Wakati wa kuagana amenishika mkono na kuniomba nipumzike.

Nimepumzika mpaka saa tatu asubuhi. Kisha nimeona presi, ile anayokamulia maji kwenye karatasi mbichi. Ina skurubu moja ya mbao, inazungushwa kwa mkono, saa nzima kwa karatasi ishirini. Jirani mwingine, mwenye lori la Fuso, ana jeki ya tani kumi na tano, na amekubali kuniazima.

Skurubu nimeshaitoa. Ilikuwa ngumu kidogo, nimelazimika kuikata.