Vita vya Soli ya Kulia

Sogeeni, nyote mlio na masikio na mlio na viatu. Na asiye na viatu naye asogee, maana habari hii itamfariji. Nawaletea habari za Kishindo, karani mstaafu wa idara ya maji, Mpasua Ukungu, Mtikisa Miteremko, mwindaji ambaye kwa miaka kumi na mmoja ya kupanda mlima ameangusha kwale wawili, na mmoja wao hadi leo rafiki yake anaapa kwamba ni wake. Nitawasimulia jinsi mabuti yake yalivyoanguka na jinsi yalivyosimama tena. Waandishi wa historia na wachukue kalamu.

Jueni kwanza habari ya kiapo. Mke wa shujaa, muuguzi mstaafu, mwanamke asiyedanganyika kwa maneno wala kwa homa ya kusingizia, alikuwa akimwomba aache mlima tangu goti lake la kushoto lilipoanza kulia kama bawaba. Walibishana mwaka mzima. Hatimaye, mezani, mbele ya watoto wao wawili ambao ni watu wazima, Kishindo alisimama na mwiko mkononi akanena:

"Sikia, mke wangu, na ninyi wanangu muwe mashahidi! Mabuti haya na mimi ni kitu kimoja. Siku soli ya mojawapo itakapobanduka, siku hiyo nami nimeshuka mlimani, na sitapanda tena!"

"Haya, tumekusikia," mkewe akasema. "Nipe huo mwiko, nipakue."

Basi ikawa Alhamisi asubuhi, siku tatu kabla ya safari ya kuwinda ya Jumapili, shujaa akainua buti la kulia, na ole wetu, buti likapanua kinywa! Soli ilikuwa imeachana na ngozi kuanzia vidoleni hadi katikati ya wayo. Kishindo akatazama kushoto, akatazama kulia, akalificha buti ndani ya taulo, akakimbilia bafuni na chupa ya gundi.

Hapo ndipo vita vya kwanza vilipopiganwa. Aliipaka gundi, akaikandamiza soli kwa magoti, akaitwisha ndoo iliyojaa maji hadi pomoni. Mara adui, yaani mkewe, akabisha hodi.

"Unafanya nini humo saa nzima?"

"Naoga!"

"Mbona sisikii maji?"

"Naoga taratibu!"

Ijumaa alfajiri akaondoa ndoo. Soli ikainuka kama kifuniko cha sufuria, wala haikuomba radhi.

Ndipo shujaa, akiwa ameshindwa lakini hajasalimu amri, akaenda kwa fundi viatu mwenye kibanda kando ya kituo cha basi, mtu wa maneno machache na vidole vyeusi. Fundi akalipokea buti, akalipindua, akalinusa.

"Mzee, ngozi hii unaipaka nini?"

Kishindo akavuta pumzi, kwa maana hatimaye alikuwa ameulizwa swali alilolisubiri maisha yake yote. "Mafuta, ewe fundi! Mafuta mazito ya mgando, kila Jumapili, bila kukosa hata mwaka niliolazwa! Juu, ubavuni, kwenye mishono, na hasa pale soli inapokutana na ngozi, ili maji yasipate mlango!"

"Basi wewe ndiye uliyeibandua."

"Mimi?"

"Gundi na mafuta hawakai nyumba moja. Yameingia kidogo kidogo mpaka gundi ikaoza. Mabuti haya hayakuuawa na mawe, mzee. Umeyapenda mno."

Mpasua Ukungu akakaa kwenye kigoda. Aliona aibu, tena aibu ya kweli. Ni jambo gumu mtu kuambiwa kwamba kidonda alikitia kwa mkono uleule aliokuwa akiuguzia.

Fundi akaanza kazi. Alisugua mafuta kwa petroli na brashi, akaikwaruza ngozi kwa msasa, akaikwaruza na soli, kisha akapaka gundi pande zote mbili na kuziacha wazi zipigwe na upepo. Kishindo, aliyezoea ushindi wa haraka ijapokuwa hajawahi kuupata, akanyoosha mkono azikutanishe. Fundi akaupiga ule mkono.

"Subira. Mpaka ukigusa isinate kidoleni. Wanaoharakisha ndio wanaonirudia."

Wakasubiri dakika ishirini, na mji haujawahi kuzingirwa kwa muda mrefu kuliko huo. Kisha zikakutanishwa, nyundo ikanena, na mwisho fundi akashona soli kuizunguka yote kwa uzi mnene, mshono kwa mshono, akivuta hadi mishipa ya shingo ikamsimama.

Jumamosi mchana, gundi ilipokauka, shujaa akalichukua buti lake. Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa mlangoni. Akaliona, akapitisha kidole juu ya uzi mpya.

"Lilibanduka."

Angeweza kudanganya. Badala yake Kishindo akainamisha kichwa. "Lilibanduka, Alhamisi. Kiapo ni kiapo. Sitapanda."

Mkewe akaondoa kidole kwenye uzi. "Mimi sina ugomvi na buti," akasema. "Naogopa. Miaka thelathini nimepokea wanaume walioshushwa mlimani kwa machela, na wengine tuliwafunika uso. Sitaki kukupokea wewe." Kisha akaketi kwenye kigoda pale mlangoni. "Lete hapa. Soli ikibanduka mikononi mwangu, yamekwisha. Isipotoka, nenda zako."

Enyi wasikilizaji, hapo ndipo vita vyenyewe! Akaikanyaga ngozi kwa mguu, akaishika soli kwa mikono miwili, mikono iliyogeuza wagonjwa wazito kuliko yeye, akavuta. Hakuvuta kwa mzaha; alivuta kama mtu anayetaka mume wake abaki nyumbani. Akavuta mara ya pili, kigoda kikalia. Mara ya tatu akatoa sauti iliyowafanya majirani wachungulie. Soli haikutikisika.

Akalitua buti, akatazama viganja vyake vilivyokuwa vyekundu. Machozi yalimlenga, na hapohapo akacheka.

"Huyu fundi," akasema, "kwa nini hashoni na magoti?"

Mkewe akainuka, akaingia chumbani, akarudi na bandeji ndefu ya goti na viatu vyake vya raba.

"Na mimi nakuja kesho. Nitatangulia, wewe utanifuata, na nikisema tupumzike, tunapumzika."

Na iandikwe kwa wino usiofutika, isomwe na vizazi vijavyo: Jumapili ile risasi haikulia, kwale wote walilala na watoto wao, na mwindaji alipumzika mara kumi na nne kwa amri. Soli mbili zilipanda mlima, soli mbili zikashuka, na mbele yake, njia nzima, soli mbili za raba.