Ombi la Kurudisha Mto Ulikotoka

Kwako Bibi Mkuu wa Posta,

Salamu kutoka upande wa pili wa barabara. Mimi ndiye kinyozi unayemwona dirishani kwako kila asubuhi, na nakupa pole na kazi. (Tafadhali endelea kuifanya kama kawaida, sababu ya kusema hivi iko namba mbili.)

Naomba, kwa heshima zote, posta yako isinipe tena barua wala kifurushi kutoka kwa rafiki yangu wa kalamu, mwoka mikate wa nchi ya mbali, anayejifunza Kiswahili kwa kamusi. Andika "Amehama", umrudishie. Yamenifika shingoni, na shingo yenyewe ni mbovu.

1. Kutwa nainamia vichwa vya watu, nikamwomba anitafutie mto mmoja mlaini wa kulalia. Akanitumia chupa ya maji! Kamusi ilimwambia mto ni maji yanayopita, basi maskini akaenda kuyachota nyuma ya nyumba yake, akaomba radhi kwamba mto mzima haukuenea kwenye boksi. Karani wako alicheka hadi akajigonga muhuri kidoleni. Mkumbushe kichwa chake nakinyoa mimi.

2. Nilimwandikia "pole na kazi". Akaelewa namshauri afanye kazi polepole, naye akatii. Mikate ikachelewa, tajiri wake akamfokea, halafu eti ananishukuru kwa kumjali! Niliona haya hadi nikamkwangua mteja sikio.

3. Nikajaribu kuyamaliza kwa kuandika, "Karibu, hapa ni kwako." Juzi yamekuja mapazia, pamoja na swali: chumba chake kina madirisha mangapi? Mama watoto, badala ya kuja juu, ametoa kila kitu stoo na anapaka chokaa. Baiskeli yangu sasa tunalala nayo.

Unaona yanakoelekea, Bibi. Leo mapazia, kesho mwenyewe, keshokutwa anataka ufunguo. Naogopa, sikufichi. Bati letu linavuja, na yeye kila barua anaisifu nyumba yetu bila kuiona. Akija akaiona, je? Urafiki si ndio utakuwa umekwisha? Heri niwe nimehama.

Nisalimie wa kwenye mizani, wa kwenye stempu na mlinzi wa mlangoni. Karani msalimie nusu, maana na kichwa nitamnyoa nusu.

Wako katika kero,
Kinyozi wa Mkabala

Tanbihi: Ile chupa niliizungushia taulo nikailalia, kwa hasira tu. Shingo imepona kabisa. Kwa hiyo kama kuna kifurushi chake, usiandike kitu, nakuja mbio. Na humu ndani kuna barua yake, naomba iende kwa ndege. Nimemwambia dirisha ni moja, na ufunguo wake tumeshauchonga.